Fundi Viatu na Nyumba Thelathini na Saba

Sijui alizaliwa mwaka gani, na yeye mwenyewe hakuwa na hakika. Karatasi zake za uhamiaji zilisema tarehe mosi Januari, kama zinavyosema karatasi za wengi waliofika nchi hii mikono mitupu. Ukoo wake alinieleza mara moja, nikauandika, na sitauleta hapa kwa sababu haumwelezi. Kinachomweleza ni duka lake, ulimi wake, na orodha ya watu wa kijiji chake ambayo mimi nilimwandikia nikaikosea. Kosa hilo ndilo linalonikalisha mezani leo. Lakini kwanza nimweleze mwenyewe.

Duka lilikuwa Winson Green, hapa Birmingham, kwenye barabara inayopita nyuma ya ukuta wa gereza. Upana wake ulikuwa hatua nne zangu, urefu hatua tisa. Ndani kulinuka gundi, ngozi na chai iliyochemshwa mno. Bango la mlangoni lilitangaza viatu na funguo. Mashine ya kuchongea funguo ilikuwa imekufa kabla sijamfahamu, na nilipomuuliza kwa nini habadilishi bango, alinijibu kwamba mtu anayekuja kuchongesha ufunguo huwa amevaa viatu.

Mara ya kwanza nilimpelekea buti zangu za kazi. Mimi ni mtunza majengo wa shule ya msingi. Natembea kutwa kwenye zege. Alizipindua, akainusa moja, akaziweka juu ya kaunta taratibu.

"Hizi zimekufa."

"Ni soli tu, Mzee."

"Soli imekufa, ngozi imekufa. Kwa nini unaburuta mguu wa kushoto?"

"Siburuti."

"Kaka, sikuulizi kama unaburuta. Nakuuliza kwa nini."

Miezi mitatu baadaye daktari alinionyesha picha ya nyonga yangu ya kushoto. Nilirudi dukani kumwambia. Hakufurahi kwamba alikuwa sahihi, wala hakunipa pole. Alinisogezea kiti. Nadhani huo ndio ulikuwa mwanzo wa urafiki wetu, na uliendelea hivyo hivyo kwa miaka kumi na mmoja: mimi kwenye kiti, yeye nyuma ya kaunta, redio ikisema Kikurdi kwa sauti ya chini. Hilo neno "kaka" nilidhani amelipata kwa wateja Waswahili. Kumbe ni lao pia, na kwao nalo humheshimu mwanamume. "Mzee" ndilo alilolipata kwetu. Mengine yote tuliyasema kwa Kiingereza, kila mmoja na chake cha kuungaunga, na maneno yake nimeyageuza hapa kadiri nilivyoweza.

Alikuwa na sheria moja ambayo haikubandikwa popote. Siku za kutembelea wafungwa, mtu anayekwenda gerezani hapangi foleni. Aliwatambua kabla hawajafungua kinywa: wanawake waliovaa vizuri kuliko hali ya hewa inavyoruhusu, wakitazama saa, kisigino kimeng'oka. Aliacha chochote alichoshika, akakipigilia kile kisigino, akaelekeza mkono mlangoni kumaanisha nenda. Sikumwona hata mara moja akipokea malipo yao.

Jirani yangu Mama Neema, mtu wa Bukavu, sheria hiyo ilimchosha. Jumamosi moja alikuwa amesubiri viatu vyake vya kwaya, akaingia msichana mwenye kiatu mkononi na kuhudumiwa hapo hapo.

"Baba Rehema, ona huyu muzee," aliniambia mimi, lakini akimtazama yeye. "Miye niko hapa tangu zamani, huyu mutoto anafika sasa hivi, anapita. Ni haki hiyo?"

"Anakwenda gerezani, Mama Neema."

"Na miye nakwenda kwa Mungu!"

Nilimtafsiria fundi. Hakuinua kichwa. "Mwambie kwa Mungu wanafungua kutwa nzima. Kule wanafunga saa tisa."

Mama Neema alicheka mpaka akakaa. Tangu siku hiyo alimletea maandazi, naye akayapokea kwa uso wa mtu anayeletewa hati ya mahakama, na kuyamaliza yote.

Jibu lake kwa mambo mengi lilikuwa moja: gundi bado. Ukifuata kiatu kabla ya siku yake, gundi bado. Ukimuuliza maoni yake juu ya waziri mpya, gundi bado. Binti yake wa pekee, mwalimu anayeishi Moseley, aliwahi kunisimulia kwamba mashangazi walipokuwa wakipiga simu kuuliza ataolewa lini, baba alimnyang'anya simu na kuwaambia kwa Kikurdi maneno hayo hayo mawili, kisha akakata.

Alikuwa mkali kwa watu na mpole kwa vitu. Watoto aliwafukuza dukani kwa kelele, na asubuhi za theluji ungemkuta anakwangua barafu njia nzima wanayopita kwenda shule, si mbele ya duka lake tu, bali mpaka kwenye kituo cha basi. Viatu ambavyo wenyewe hawakuvifuata hakuvitupa. Vingine vilikaa miaka saba. Alivipaka rangi kila baada ya muda, vyote, na kuvirudisha rafuni.

Kulikuwa na jambo jingine lililonishinda kulielewa kwa muda mrefu. Hakuwahi kukisifia kijiji chake. Vijana wa Kikurdi wenye maduka yao ya kunyolea barabarani walikuja kunywa chai na kuongea habari za kwao, milima, maji baridi, makomamanga. Wengi walikuwa wamezaliwa mjini au huku huku. Fundi aliwasikiliza, kisha akasema: "Milima! Umewahi kupanda mlima na gunia la unga mgongoni? Mimi nimepanda. Ni mahali pabaya. Baridi. Watu waongo. Mmoja aligeuza mfereji wetu wa maji miaka kumi na akatusalimia kila asubuhi."

Walipoondoka nilimuuliza, "Mahali pabaya, basi kwa nini hupumziki kupazungumzia?"

"Wewe ukiumwa jino, unazungumzia mguu?"

Ni kweli hakupumzika. Na kwa kuwa mimi ni mtu wa kutaka kujua kitu kimekaaje, nilimuuliza maswali mpaka nikakiona kijiji. Kilikuwa cha nyumba thelathini na saba zilizokaa kwenye mtelemko mkali, safu tano, moja chini ya nyingine, chemchemi juu na mto chini. Zilikuwa za mawe, mapaa yake bapa, ya miti iliyolazwa na udongo ulioshindiliwa juu yake. Nilimwambia kwamba kwetu Manyoni babu zetu walijenga hivyo, tunaita tembe. Alitaka kujua udongo wa kwetu unachanganywa na nini. Tofauti ilikuwa kwamba tembe zetu zimekaa kwenye tambarare, kila moja peke yake, na zao zilipandana. Paa la nyumba ya chini lilikuwa ndio ua wa nyumba ya juu. Kila baada ya mvua au theluji paa lilipaswa kushindiliwa kwa jiwe zito la mviringo linalovingirishwa, na kazi hiyo waliifanya pamoja wawili: mwenye paa na anayelikanyaga. Hata kama hawakusemezana mwaka mzima, siku hiyo walishika jiwe moja, mmoja huku na mmoja huku.

Alipenda kunisimulia habari ya mguu. Mtoto wa nyumba ya juu aliruka uani mwao na mguu ukapenya mpaka kwa watu wa chini, juu ya sufuria. Bibi aliyekuwa akipika aliukamata ule mguu, akapiga kelele, "Wa nani huu?" Hakuuachia mpaka mama wa mtoto alipozunguka, akashuka, akaingia na kuomba radhi.

"Ulikuwa wa nani?" nilimuuliza.

"Wangu," alisema, na kwa mara ya kwanza nikaona meno yake yote.

Ramani ya kijiji ilikuwa kwenye rafu. Vile viatu visivyofuatwa alivipanga safu tano, na kila pea ilikuwa nyumba. Niliwahi kusogeza pea moja ya viatu vya kahawia ili niweke kikombe, akanipiga mkono. "Umemweka Rahim mtoni."

Kijiji chenyewe hakikuwepo tena. Askari wa serikali walikuja asubuhi moja, wakawatoa watu, wakazilipua nyumba. Alinieleza hivyo, kwa maneno machache hivyo, na sikumwongezea maswali. Waliobaki walitawanyika, wengine mijini kwao, wengine Ulaya. Halafu, miaka mingi baadaye, mpwa wake alipiga simu kutoka huko. Watu wachache walikuwa wamerudi, wamejenga, na walitaka kusimamisha jiwe lenye majina ya wote waliokuwa wakiishi pale majira ya baridi ya mwisho, waliokufa na walio hai. Wazee wenye kukumbuka walikuwa wamekwisha. Amebaki yeye. Jiwe lingechongwa wakati wa masika. Majina yafike kabla.

"Jiwe halifutwi," aliniambia. "Nikimwacha mtu, hakuwepo."

Kuandika kwake kulikuwa kwa shida, na binti hakuwajua watu wale, wala baba hakuwa tayari kumtajia mengine. Nikajitolea. Nina daftari za kila kitu: mita za gesi, siku za mvua, kurasa za vitabu nilivyosoma. Nilimaliza darasa la saba na mengine nimejifundisha maktaba, na nilijiona nafaa kwa kazi hiyo kuliko mtu yeyote Birmingham.

Tulifanya Jumapili kumi na tatu, duka limefungwa. Alikaa ameielekea rafu. Aliniambia nianzie juu, kwenye chemchemi, nishuke. Hakutaja jina tupu hata moja.

"Andika Rahim. Mwongo. Mkewe Amina, mkono wake mzuri kwa mkate. Watoto wanne. Wa tatu alikuwa anakula udongo."

"Niandike kwamba alikula udongo?"

"Jiwe ni refu kiasi gani?"

"Sijui."

"Basi usiandike. Lakini ujue."

Nilipojaribu kwenda haraka alinisimamisha. "Umeruka. Huwezi kufika kwa Aziz bila kupita juu ya Fatma." Nikagundua kwamba alikuwa akitembea. Macho yalikuwa kwenye rafu lakini miguu, chini ya kiti, ilisogea kidogo kila tulipohama nyumba. Nyumba iliyompotea aliipata kwa kurudi nyuma nyumba mbili na kuanza tena.

Jumapili ya kumi na mbili tulikuwa safu ya mwisho. Nyumba ya pili kutoka mtoni, miguu ilisimama.

"Hapa nitarudi," alisema.

Niliacha mistari sita wazi, kwa kukadiria. Tukaandika nyumba ya mwisho, tukamaliza. Jumapili iliyofuata, tulipopitia yote, nilimkumbusha ile nyumba.

"Gundi bado."

Nilimkumbusha tena siku za katikati ya juma. Alipiga msasa soli ambayo ilikuwa laini tayari. Nilihesabu majina: mia mbili na kumi na mawili, kutoka nyumba thelathini na sita. Nilidhani nyumba ile imemtoka kichwani na anaona aibu, kwa hiyo sikumsumbua tena.

Sasa kosa langu. Nimewahi kusoma kitabu cha utunzaji wa kumbukumbu, kikubwa, chenye michoro. Kilisema orodha ya majina ipangwe kwa alfabeti ili mtafutaji asipoteze muda, na rasimu ziteketezwe ili zisije zikapingana na nakala safi. Nilikwenda maktaba, nikapiga chapa majina yote kwa alfabeti, safu mbili kila ukurasa. Nikasahihisha mara tatu. Kisha nikazichana karatasi za Jumapili kumi na tatu na kuzitia kwenye pipa la karatasi. Nilifanya hivyo kwa roho safi. Nakumbuka hata nilipiga mluzi.

Alivaa miwani, akaipokea ile nakala kwa mikono miwili.

"Juu ni wapi?"

"Juu?"

"Hapa nani yuko juu ya nani?"

Nilimweleza alfabeti. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama alivyowasikiliza wale vijana wa milima.

"Kwa hiyo Amina sasa anakaa na Aziz."

"Kwenye karatasi tu."

"Walikuwa hawasalimiani." Alicheka kidogo. Akafunua ukurasa wa pili, wa tatu, akarudi wa kwanza. "Umewaandika wote?"

"Wote ulionitajia."

Alishika kalibu, ule mguu wa mti wa kutengenezea viatu, akaizungusha.

"Safi sana," alisema. "Tuma."

Nikatuma kwa mpwa wake jioni ile ile.

Sikuona nilichofanya. Orodha iliyofuata mapaa ilikuwa na shimo, na mtu yeyote aliyeishika angeliona na kuuliza. Alfabeti haina shimo. Majina yalibanana kutoka herufi ya kwanza mpaka ya mwisho, na karatasi ikaonekana imekamilika.

Mwaka uliofuata alianza kukosea kazi. Alimshonea mteja soli ya kulia kwenye kiatu cha kushoto, na mteja alipokirudisha, fundi alikishika na kukitazama kana kwamba kimetengenezwa na adui. Alimwita Mama Neema kwa jina la dada yake. Siku moja nilimkuta amesimama nje ya duka akiwa na funguo mkononi, hajui kama anafungua au anafunga. Binti yake alifanya lililobidi. Duka lilirudishwa kwa mwenye nyumba, viatu vikapelekwa kwenye duka la hisani, na yeye akapata chumba kwenye nyumba ya kutunzia wazee huko Acocks Green, karibu na stesheni.

Nilimtembelea mara tatu, kisha nikaacha. Nitasema sababu ilivyo: mara ya tatu hakunijua, na sikuwa na mtu mwingine wa kunijua. Rehema, mwanangu, yuko Glasgow. Tukizungumza kwenye simu mimi nasema Kiswahili yeye ananijibu kwa Kiingereza, na mazungumzo yanakwisha mapema. Jumapili nilizitumia kupanga upya daftari. Mama Neema alinigongea dirisha akanikuta hivyo.

"Baba Rehema, unahesabu nini?"

"Mvua ya mwaka juzi."

"Na ile mvua inakuhesabu wewe?" Aliniachia sahani ya sombe, kisamvu cha kwao, dirishani, akaondoka bila kungoja jibu.

Masika binti wa fundi alikuja kwangu na simu yake kunionyesha picha. Jiwe lilikuwa limechelewa, sasa limesimamishwa. Ni la kijivu, refu kuliko watu waliosimama kando yake, na majina yamejaa mpaka pembeni. Niliyatambua mara moja, kwa kuwa yalikuwa katika mpangilio wangu.

"Anko, watu wamefurahi sana," alisema. "Shangazi yangu anasema baba ni mwanamume kweli. Kila mtu aliogopa kwamba atawaandika wale."

"Wale akina nani?"

Alishangaa kwamba sijui. Ilikuwa ni nyumba ya pili kutoka mtoni. Mwenye nyumba ndiye aliyewaonyesha askari njia ya juu, ambako wanaume walikuwa wamejificha. Kaka yake fundi alikuwa mmoja wa waliokuwa juu, na hakushuka. Yule mtu hakupata chochote kwa kazi hiyo. Siku ya kutolewa alitolewa na wengine, yeye, mkewe na watoto, na nyumba yake ikalipuliwa kama zote. Tangu hapo watu wa kijiji hawakumtaja. Walipozungumzia nyumba zao walisema thelathini na sita. Baba yake peke yake ndiye aliyeendelea kusema thelathini na saba, na mashangazi waligombana naye kwa sababu hiyo.

"Baba aliionaje picha?" niliuliza.

"Aliuliza nani amewapanga hivi. Kisha akaigeuza simu kifudifudi."

Alipoondoka nilikaa. Nilifikiri kuhusu ile "gundi bado" na jinsi nilivyoielewa. Mtu alikuwa amesimama mbele ya mlango Jumapili baada ya Jumapili, akijiuliza kama atabisha hodi. Mimi, kwa ustadi wangu, niliuondoa mlango. Alipoipokea karatasi isiyo na shimo angeweza kuniambia. Hakuniambia. Sijui kama alishukuru au alichoka, na sitajifanya najua.

Jumapili iliyofuata nilipanda basi kwenda Acocks Green. Nilimkuta kwenye kiti cha dirishani kinachotazama maegesho ya magari. Walikuwa wamemvalisha sapatu laini zisizo na soli ya kueleweka.

"Umekuja kwa ajili ya bomba?" aliniuliza.

"Hapana, Mzee. Nimekuja kwa ajili ya orodha."

"Orodha gani?"

Sikuwa na njia ya kumwonyesha. Mpangilio wake niliuchana mwenyewe. Nilikumbuka mwanzo tu, basi nikasema, "Juu kabisa, chini ya chemchemi. Rahim."

"Mwongo," alisema papo hapo.

"Na mkewe Amina."

"Mkono mzuri kwa mkate." Akanitazama vizuri zaidi. Miguu ndani ya zile sapatu ikasogea.

Alishuka. Nilichukua kalamu na kuandika kila alichosema, katika utaratibu aliousema. Hakikuwa kijiji kile kile. Safu ya pili alimweka mhudumu wa Kizimbabwe aliyekuwa akipita na vidonge, akampa watoto watatu. Wengine aliwataja mara mbili. Safu ya nne alinitaja mimi, mtu mweusi anayeburuta mguu, akasema nakaa peke yangu kwa sababu ya ukaidi. Zamani ningemsahihisha. Sasa niliandika tu.

Nyumba ya pili kutoka mtoni, akasimama.

"Hapa ulisema utarudi," nilimwambia.

"Nilisema mimi?"

"Ulisema."

"Uliwaandika?"

"Hapana."

"Hata watoto?"

"Hata watoto, Mzee. Hawapo kwenye jiwe."

Aligeukia dirisha. Mhudumu aliingia, akaweka chai, akatoka.

"Tulitembea nao," alisema. "Siku mbili. Yule mdogo hakuwa na viatu. Nilimbeba, kisha nikakumbuka ni wa nani nikamteremsha. Kisha nikambeba tena. Andika."

"Niko tayari."

"Mama yao, Gulala. Halafu Hiwa. Shilan. Mdogo, Rebin. Soma."

Nilisoma. Alinirekebisha jina la Shilan, nikalisema tena, akanirekebisha tena, mpaka likakaa sawa.

"Jumla tuko wangapi?"

Nilihesabu, nikiwaacha nje mhudumu na watoto wake, mimi, na waliorudiwa. "Mia mbili na kumi na sita."

"Ongeza mmoja."

"Nani?"

"Baba yao," alisema.

"Una hakika?"

"Kaka, sijasema alikuwa mtu mzuri. Nimesema alikuwa anakaa pale."

Nikaandika: mia mbili na kumi na saba. Nikaweka kalamu mwanzo wa mstari na kumuuliza jina.

Alifungua kinywa. Nilimwona akirudi nyuma nyumba mbili, akashuka tena, akafika mlangoni. Midomo ilitengeneza kitu, ikakiacha. Alirudi nyuma zaidi, mpaka safu ya nne, akaja tena taratibu, miguu ikihesabu. Safari hii alisimama muda mrefu, mkono ukiwa umeinuka kidogo kutoka kwenye paja, vidole vimekunjwa.

"Nilikuwa nalo," alisema. "Miaka yote hii nilikuwa nalo, sikutaka kulisema."

"Tutangoja, Mzee."

Tulingoja mpaka chai ikapoa na mhudumu akaja kuchukua kikombe. Kisha akanisogezea karatasi kwa kidole, na kwenye mstari wa mwisho nikaandika maneno mawili aliyonipa, baba yao.